Macho ya Mayu Kwenye Ghala la Pamba

Nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika pale Bariadi mpaka wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Walikuja na malori yao na mizani yao, wakawa wanaifuata pamba hadi uani kwa mkulima, na ghala letu likabaki na popo. Tulipunguzwa kazi. Kiinua mgongo changu nilikigeuza kamera.

Watu walinicheka kidogo. Mwanamke aliyezoea kupandisha marobota kwenye mizani, leo anainamisha watu vichwa na kuwaambia watabasamu! Lakini zilikuwa zama za mitumba mizuri na redio mpya, kila mtu alitaka aonekane, na chumba changu kimoja karibu na stendi hakikukosa wateja siku za mnada. Mzee aliyekuwa na studio kabla yangu alikuwa bado anasafisha picha nyeusi na nyeupe nyuma ya pazia. Mimi nilituma filamu za rangi Mwanza kwa basi, kwenye duka lililokuwa limefungua mashine mpya, na zikirudi, kitenge chekundu kilikuwa chekundu kweli. Nilijivunia rangi. Nilikuwa nimeandika hivyo hivyo mlangoni: Picha za rangi tu.

Sista aliingia studio asubuhi moja nikadhani anataka picha ya pasipoti. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mfupi, mwenye hatua za haraka, na parokiani alisimamia kamati ya haki na amani. Hakukaa.

"Wewe unajua Kisukuma na unajua kamera," alisema. "Nahitaji vyote viwili kwa mtu mmoja."

Miaka ile bibi zetu walikuwa wanauawa kwa kuitwa wachawi. Mtoto akifa, au ng'ombe wakifa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli anataja upande fulani wa kijiji, na upande huo hakosekani mjane mwenye macho mekundu. Kwetu miti iliisha zamani. Tunapikia mabua ya pamba na samadi kavu, na mwanamke aliyeinama jikoni maisha yake yote atakuwa na macho gani? Kila mtu alilijua jambo hilo, hata waliokuja na mapanga walikuwa na mama zao wenye macho hayo hayo. Lakini kujua hakukumzuia mtu.

Sista alikuwa amechoka na kusema. "Nimesema kanisani, nimeandika taarifa mpaka vidole vimeuma. Watu wananisikiliza vizuri kabisa, halafu wanakwenda kula. Lakini Kwaresima hao hao wanapita kwenye Njia ya Msalaba, picha baada ya picha, ukutani, na wanalia. Unafikiri ni kwa nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiri. Nikasema labda kwa sababu wanatembea.

"Ndiyo. Wanatembea naye. Nami nataka watu waingie nyumbani kwa mmoja wa bibi hawa. Sitaki waangalie nyumba. Waingie ndani, wasimame pale alipoangukia, waone alichokiona yeye."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ningependa kusema nilikubali kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini pia sikuwa nimewahi kuambiwa kwamba kamera yangu inaweza kufanya zaidi ya maharusi.

Bibi mwenyewe alikuwa akiishi kwenye chumba nyuma ya jiko la masista. Nilimwita mayu, kama ninavyomwita mama yeyote wa umri wake. Mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo, na kovu lilipanda kutoka begani hadi nyuma ya sikio. Tulimkuta akipepeta mchele kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza kwenye goti.

Nilipiga goti, nikamwamkia. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Wewe ni wa kwa nani?"

Nilimtajia baba yangu na kijiji chetu. Alinitazama vizuri, akacheka. "Wewe si ndiye uliyekuwa unakaa kwenye mizani? Ulinipimia pamba. Wewe hukuwa mwizi sana."

Sista aliuliza amesema nini, nikamwambia, akacheka pia. Ikawa rahisi kumweleza tulichotaka. Alisikiliza huku akiokota vijiwe kwenye mchele. Alipoongea, aliuliza jambo moja tu.

"Walionikata wataziona hizo picha?"

Sista alisema, "Mungu akijalia, ndiyo."

"Basi nipigeni kwanza nikiwa nimevaa."

Kwa hiyo picha yangu ya kwanza ya mayu niliipiga studio, mbele ya pazia la bluu. Alivaa kitenge alichoazimwa na mpishi wa masista, akaufunika mkono ulioishia kifundoni kwa upindo wa khanga, akanyoosha shingo. Ni picha nzuri. Ni bibi mwenye heshima zake, na macho ameyainua juu ya kamera kidogo, kana kwamba kuna mgeni anaingia mlangoni nyuma yangu.

Wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake kwa gari la parokia, ng'ambo ya Ngulyati, njia ya vumbi jeusi. Sista aliendesha mwenyewe. Uzio wa minyaa ulikuwa bado umesimama, lakini ndani ya uzio hapakuwa na ua tena. Watoto wa kaka wa marehemu mume wake walikuwa wamelima eneo lote. Pamba ilikuwa imepandwa hadi kizingitini. Bei ya pamba ilikuwa imechangamka na kila mtu alikuwa anatafuta ardhi. Hapo ndipo nilipoelewa ramli iliyomtaja mayu ilikuwa ya nini.

Mayu alisimama katikati ya miche. "Hapa palikuwa pa kuanikia michembe ya viazi," alisema. Halafu akaingia ndani kabla yetu.

Sehemu ya paa ilikuwa imeanguka. Alituonyesha kila kitu kama mtu anayepokea wageni: mafiga pale, kitanda pale, mtungi pale. Siku waliyomjia jua lilikuwa linazama, na yeye alikuwa anasonga ugali. Walibisha hodi. Walimwamkia vizuri kabisa, mwadila mayu, naye akaitikia, akawaambia karibuni. Hilo ndilo alilolirudia mara nyingi, kwamba aliwakaribisha.

Nilifanya kazi yangu. Nililala chini palepale alipoangukia, mgongo kwenye udongo, nikapiga picha nikizunguka polepole: mlango, ukuta, moshi uliokauka kwenye nguzo, majani ya paa, mlango tena. Nilitaka nikiziunganisha zifanye duara, ili mtu akisimama katikati asiwe na pa kugeukia. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Nikiwa pale chini nilisahau kwamba kuna mtu amesimama juu yangu anayekumbuka.

Halafu mwale wa jua ukaingia kwenye tundu la paa ukatua karibu na mafiga. Mpiga picha yeyote angenielewa.

"Mayu," nilisema, "kaa pale ulipokuwa umekaa."

Alikaa. Niliona kifua chake kinaanza kupanda na kushuka. Nilisogea karibu, nikasogea tena, mpaka kwenye kioo pakawa na macho yake tu. Yalikuwa mekundu kabisa, yamejaa maji, na ndani yake ulionekana mlango.

"Ng'wanone," alisema taratibu, kama mtu anayemwita mwanawe, "nitoe humu."

Sista alikuwa mlangoni. "Anasemaje?"

"Amechoka kidogo," nilijibu. "Tunamalizia."

Nikabonyeza, nikapeleka filamu mbele, nikabonyeza tena. Nilijua ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nilifurahi. Natafuta neno jingine na silipati.

Tulirudi mjini. Alipofika mayu alijifungia chumbani, na mpishi alituambia kesho yake kwamba sahani imerudi kama ilivyokwenda. Ilirudi hivyo tena na tena. Sikuvumilia, nilimfuata Sista kwenye bustani ya mboga nikamwambia mayu alisema nini pale ndani, na mimi nilitafsiri nini.

Alisimama na keni ya kumwagilia mkononi. "Kwa nini?"

"Mwanga ulikuwa mzuri."

Aliweka keni chini. Nadhani angenigombeza ningejisikia nafuu. "Tutamwuliza kama bado anataka," alisema.

Tulimwuliza kupitia mlango uliokuwa umefunguliwa kiasi cha mkono. Mayu alijibu, "Mmeshachukua. Mkizificha mtanirudishia nini? Zitundikeni." Hakuuliza ni picha zipi. Nami sikumwonyesha.

Ushirika ulituazima ghala, kwa kuwa hapakuwa na pamba ya kuweka. Tulisimamisha nguzo katikati, tukazizungushia magunia na kutandaza mengine juu, ikawa kama nyumba ndani ya nyumba. Picha zilikuzwa Mwanza vipandevipande, tukazibandika kwenye mbao nyembamba na kuzipanga kuzunguka, kuanzia chini kabisa. Mtu aliingia kwa kuinama. Ndani aliambiwa akae chini, na akikaa alikuwa ndani ya chumba cha mayu, mlango ule mbele yake, paa lile juu yake. Nyuma ya magunia tuliweka redio ya kaseti. Sauti ya mayu ilisimulia kwa Kisukuma, bila haraka, tangu hodi mpaka majirani walipofika. Sista alikuwa amerekodi hayo mwanzoni kabisa, kabla hatujaenda kule, wakati mayu alikuwa bado anacheka nasi.

Picha ya macho niliiweka nje, mlangoni, ukubwa wa mlango wenyewe.

Sista alisita. "Hii nje?"

"Itawavuta watu," nilisema. Nilisema kama muuza duka.

Iliwavuta. Siku za kwanza sijui nizieleze vipi. Wanawake walitoka wakiwa wameshikana. Mfugaji mmoja alitoka, akakaa kwenye mizani yangu ya zamani, fimbo kati ya magoti, na hakuondoka mpaka tulipofunga. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Nilifikiri nayajua haya." Nilirudi nyumbani usingizi ukanikataa kwa furaha, na nilimwambia mume wangu kwamba hatimaye nimefanya kazi yenye maana.

Siku ya mnada mji ulijaa. Waliotoka mbali hawakuwa na habari ya nyumba iliyoko ndani, na wengi hawakupanga foleni. Walisimama nje, mbele ya macho. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza mlangoni nikasikia.

"Ona. Si mnaona wenyewe? Hayo ni macho ya binadamu?"

"Ndiye nani?"

"Ni yule wa ng'ambo ya Ngulyati. Walimkata akakataa kufa."

"Hawa kumbe wanatuonyesha ili tujue."

Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake uso kwa khanga akapita haraka. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyafanya kuwa makubwa kuliko mtu, nikayaondolea uso, kitenge na shingo, nikayaacha mekundu peke yake ukutani. Kwenye picha nyeusi na nyeupe za mzee yule wa nyuma ya pazia yangekuwa macho ya bibi yeyote. Mimi niliwapa rangi.

Nilitoka nikapiga kelele kwamba ni moshi, ni mabua ya pamba, mama zenu je? Watu wakanitazama kama wanavyomtazama muuza dawa stendi. Niliteremsha picha ile kwa mikono yangu, lakini mnada mzima ulikuwa umeshaiona, na kuna aliyekuwa ameshasema kwamba mwenyewe yuko kwa masista, jikoni.

Yaliyofuata yalikuja upesi. Sokoni wauza nyanya walimwambia mayu hawana chenji, kila mmoja kwa zamu yake. Mpishi, yule aliyemwazima kitenge, aliomba likizo na hakurudi. Mawe yalianza kuanguka juu ya bati la chumba chake mchana kweupe. Kabla ya picha zangu alikuwa bibi mmoja kati ya wengi pale mjini. Sasa alikuwa anajulikana kwa macho.

Tulikwenda kumwambia ni kwa nini. Nilibeba ile picha ndogo, iliyozaa ile kubwa, ndani ya bahasha. Nilipiga goti, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kuamkia.

"Ni picha gani hiyo wanayoisema?" aliuliza.

Nilimpa. Aliishika kwa mkono wake mmoja, akaipeleka mbali, akaileta karibu.

"Huyu hata mimi ningemkimbia," alisema.

"Mayu, nisamehe."

"Nilikuambia unitoe."

"Uliniambia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Sista alikuwa anatutazama, hakuelewa maneno, na hakuniuliza tafsiri. Mayu aliirudisha picha kwenye bahasha kwa shida, sikuthubutu kumsaidia. Hakuniambia amenisamehe. Alinituma kama mtu anavyomtuma mwanawe: nimtafutie mabua ya pamba, yale ambayo hayajakauka vizuri, na mafiga, na chungu, na unga. Na kesho tumpeleke ghalani.

Mlinzi wa ghala tulikuwa tumefanya kazi pamoja. Alipoona mabua alinyoosha rungu kuzuia mlango. "Moto? Humu? Maisha yangu yote hapa kazi yangu ni moto usiingie!"

"Pamba iko wapi?" Sista alimwuliza.

Aligeuka akatazama ghala tupu, kana kwamba hakuwa ameliona. Alisaidia kupanga ndoo za maji.

Habari kwamba mchawi yupo ghalani haikuhitaji mtangazaji. Watu walijaa uani, nao walipasuka katikati mayu alipopita, wakimwachia njia pana kuliko iliyohitajika. Alikuwa amevaa gauni la kila siku, na mkono wake ulioishia kifundoni haukuwa umefunikwa. Aliinama akaingia kwenye chumba chake cha magunia. Alizungusha macho mara moja tu kwenye picha zote, mlango, ukuta, paa, halafu akawapa mgongo. Akawasha moto kwenye mafiga.

Mabua mabichi hayawaki, yanatoa moshi. Ulijaa chini ya magunia, ukakosa pa kutokea. Tulimsikia akikohoa, halafu akaita kwa Kisukuma, sauti ikatoka kavu:

"Mnaonisema macho, njooni mle. Ugali ni wa wote."

Hakuna aliyetikisika. Nilitaka kuingia mimi, Sista akanishika kiwiko. Aliyetangulia ni mama mmoja muuza dagaa, mnene, mwenye sauti ya sokoni. Alitua beseni lake, akasema, "Mimi nina njaa," akainama akaingia. Kisha akaingia yule mfugaji wa siku ya kwanza, kisha wanawake watatu wameshikana, kisha wengine mpaka pakajaa, na waliobaki nje wakawa wanachungulia kupitia magunia.

Mayu hakuwaruhusu kutoka kabla ugali haujaiva. Alisonga kwa mkono mmoja, mama muuza dagaa amemshikia chungu, na kila aliyelalamika aliambiwa subiri. Mimi nilikuwa mlangoni, kamera shingoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha lenzi nilipoona ninachofanya, nikakifunga.

Walitoka wakijipapasa, machozi na kamasi, kwenye jua la saa saba. Walitazamana. Macho yao yote yalikuwa mekundu kama nyama mbichi. Mama muuza dagaa ndiye aliyeanza kucheka.

"Basi leo sote ni wachawi," alisema, "na nitaanza na mume wangu."

Watu walicheka, si wote. Mayu alitoka wa mwisho, ameshikilia nguzo. "Ninyi mmekaa chungu kimoja tu," alisema. "Mimi nimepika hivi tangu nikiwa msichana."

Wapo waliosema baadaye kwamba siku ile ilibadilisha mji. Siwezi kusema hivyo. Wauza nyanya walianza tena kuwa na chenji, hiyo ni kweli. Na kulikuwa na jirani wa mayu wa kule kijijini, mwanamke wa makamo, aliyekuwa ndani ya ule moshi. Alimfuata Sista jioni ile na kumwambia ni akina nani aliowaona wakiruka minyaa siku ile mayu alipokatwa. Alikuwa amenyamaza kwa sababu naye macho yake yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Polisi, waliokuwa hawana petroli kwa neno la mayu peke yake, wakaipata. Mmoja wa wale watoto wa shemeji alifungwa. Mwingine alitokomea machimboni na hakuonekana tena.

Sista aliendelea na kazi hiyo vijijini. Picha za chumba zilisafiri juu ya gari, na badala ya macho walichukua mafiga na chungu. Kijiji kimoja walikaa wakala, kingine walitufukuza hadi barabarani. Nilikwenda naye kila aliponiita, na kila mara kabla ya kubonyeza nilimwuliza aliye mbele yangu kama niendelee. Wengine walichoka na maswali yangu. Lakini ule uangalifu mayu hakuupata. Waliupata waliokuja baada yake.

Yeye hakuweza kurudi kwake, wala hakutaka kubaki Bariadi, mahali ambapo watoto walimtambua barabarani. Sista alimtafutia mdogo wake aliyeolewa Mkula, upande wa ziwani, akampeleka mwenyewe. Mimi niliaga stendi kama watu wengine.

Ile picha niliikata na filamu yake ya hasi nikaikata pia, nikadhani imekwisha. Nilikuwa nimesahau kwamba nakala moja ilikwenda ng'ambo na taarifa za parokia. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Mwanza, kwenye ofisi ya shirika moja la misaada, yenye viyoyozi, nasubiri kuonana na mtu kuhusu kazi ya semina, na ukutani yalikuwepo macho ya mayu, na maneno ya Kiingereza chini yake. Hakuna jina lake wala langu. Nilimwambia dada wa mapokezi, bila kufikiri, kwamba hiyo nilipiga mimi. Alifurahi, akaita wenzake. Walinipa mkono, wakaniletea soda. Mmoja akasema picha ile ndiyo iliyomfanya achague kazi hii, na niliona kwamba hasemi uongo, macho yake yalilengwa na machozi. Niliinywa ile soda. Nikasema asante.

Wiki hiyo hiyo nilipanda gari nikaenda Mkula.

Nilimkuta chini ya ukingo wa paa, anapura choroko. Alikuwa amekonda, lakini alinijua mara moja, na alinikaribisha kama mtu wa nyumbani. Aliniulizia mume, aliniulizia ng'ombe wa baba kana kwamba baba hajafa. Nilimwambia nilichokiona Mwanza. Nilimwambia kuna watu mbali sana wanayatazama macho yake kila siku na wanamwonea huruma, na kwamba naweza kwenda kuwaambia waishushe.

Aliendelea kupura. "Wewe hukunikata," alisema baadaye. "Usije hapa kila mara na uso wa waliokata."

"Lakini nilisikia, mayu."

"Ulisikia." Alipeperusha maganda. "Hilo ni lako. Sitakubebea."

Nilichukua fimbo. Tulipura pamoja mpaka choroko zikaisha, yeye akishika fimbo fupi na mimi ndefu. Kuhusu picha ya Mwanza alisema tu kwamba kama inawaliza, waache walie. Hata hivyo niliporudi nilikwenda kuwaomba waandike jina lake, wakanijibu kwamba utaratibu hauruhusu, kwa usalama wake.

Kabla ya kuondoka, mke wa mtoto wa mdogo wake, aliyekuwa na kichanga, alinisogelea kwa aibu. Alikuwa amesikia kwamba mimi ni mpiga picha. Kama nina kamera, ningeweza kumpiga yeye na mtoto, na bibi akiwa katikati?

"Nimeiacha nyumbani," nilisema.

Mayu alikuwa ameingia ndani kunifungia michembe ya safari. Alitoka na kifurushi, akavuta begi langu, akalifungua kwa mkono wake mmoja na meno ili akiweke. Kamera ilikuwa juu ya nguo. Aliitazama, akanitazama mimi, akasogeza kamera pembeni akakiingiza kifurushi, na akafunga zipu.

"Basi lisikuache," alisema.